Kapteni Chubwi

Mume wangu aliniambia anauza mashua huku akipaka siagi kwenye mkate, kwa sauti ileile anayotumia kuniambia gesi inakaribia kwisha.

"Daktari wa meno anaitaka," akasema. "Anakuja Jumamosi kuiona. Lazima iwe majini."

"Na wewe unataka kuiuza?"

"Imekaa tu bandani. Chombo kikikaa kinaoza."

Mimi ni mtu wa maneno. Mungu aliponipa ulimi alisahau kunipa na breki. Asubuhi ile utani ulikuwa tayari mdomoni, nikautoa bila hata kumeza chai. "Basi mwambie daktari aje na taulo," nikasema. "Kapteni Chubwi haachi abiria mkavu."

Akacheka. Yaani, alitoa ile sauti yake ya kucheka. Akafuta kisu, akachukua funguo, akaenda kazini. Mkate wake aliuacha kwenye sahani, umepakwa siagi vizuri mpaka pembeni, haujaumwa hata mara moja.

Nieleze jina hilo lilikotoka, maana mzazi wake ni mimi.

Siku za kazi mume wangu husimamia pampu za maji za mji. Lakini kwa miaka mingi, kila mwisho wa wiki alikuwa anafundisha watoto kuendesha mashua ya tanga pale ziwani, kwenye chama cha wenye mashua. Mji mzima ulimwita Mwalimu. Mashua aliiunda mwenyewe uani kwetu, mbao kwa mbao, na mimi nikilalamika kwamba vumbi la randa linaingia kwenye vitambaa vya wateja. Ni ndogo, ina mlingoti mmoja, na inachukua watu wanne wasiopumua sana.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea kinatazama barabara, kina benchi la wateja karibu na mlango, na kwenye benchi lile habari za mji hukatwa na kushonwa kuliko magauni. Hilo nalisema kwa kuwa huko ndiko jina lilikokulia.

Siku ya kufunga msimu uliopita, chama kilipanga viti ufukweni, watu wakaja na watoto wao na vinywaji vyao. Mume wangu akaniomba nipande naye tuzunguke kidogo mbele ya wageni. Mimi kupanda si kawaida yangu, na kuogelea kwangu ni kama kwa jiwe. Lakini nilikuwa nimevaa gauni jipya na kitambaa cha kichwani kinachofanana nalo, na gauni jipya lazima lionekane. Nikapanda. Akaniweka pembeni, akanipa mkononi kamba ya kuvutia tanga, ile wanayoiita demani.

"Shika tu," akaniambia. "Nikisema achia, unaachia. Basi."

Upepo ulikuwa mdogo, wa kupepea chai. Tukaenda, tukapunga mkono, watu wakapiga makofi. Halafu upepo mwingine ukatoka nyuma ya kilima bila kubisha hodi. Mume wangu akapiga kelele: "Achia! Achia!" Nikafungua mikono yote miwili. Naikumbuka mpaka leo, imefunguka mbele ya uso wangu, vidole vimetawanyika. Na bado tanga halikulegea. Mashua ikalala ubavu, na sisi wote chubwi.

Walitutoa. Nilifunikwa blanketi, nikalazwa nyumbani, na jioni wageni wakaja kutupa pole, sebule ikajaa. Mtu akaniuliza, "Hebu tueleze, ilikuwaje?" Na mimi, ambaye tangu nitoke majini sikuwa nimesema neno, nikasikia mdomo wangu ukisema: "Alipiga kelele 'achia, achia' kama mtu anayeporwa simu! Nikaachia, mikono hii hapa, na bado akatumwaga chubwi! Kumbe huyu ni mwalimu wa kuogelea, nyie mnamsingizia tanga!"

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Mume wangu alicheka kuliko wote, mpaka akafuta macho.

Basi, nimepewa ngoma, nikose kucheza? Kesho yake nikamsimulia mteja wa kwanza, na wa pili, na muuza mkaa, na mke wa mchungaji nikiwa nampima kiuno. Kila nilipoisimulia nilitia chumvi. Nikaongeza magugu ya ziwani kichwani mwake, yamekaa kama taji. Nikaongeza kwamba alipoibuka alisalimia. Kilele kilikuwa pale ninapofungua mikono mbele ya uso na kutoa macho: "Achia! Achia!" Benchi zima lilikuwa linajipiga mapaja kwa kucheka. Jina la Mwalimu likafa bila mazishi. Hata watoto wa barabarani wakawa wanaita, "Kapteni Chubwiii!" na yeye anawapungia mkono.

Wifi yangu, dada yake, aliwahi kunivuta jikoni. "Wifi," akaniambia, "kaka yangu si kitambaa, unamkata kila siku. Atabaki na nini?"

"Atabaki na upindo," nikamjibu. Naye, Mungu amsamehe, akacheka.

Mashua ikapelekwa kwenye banda la chama, ikafunikwa turubai. Msimu mpya ulipofunguliwa, wenzake walitoa mashua zao. Yeye akasema mgongo unamsumbua. Nikampaka dawa ya kuchua, nikamwambia uzee haubishi hodi, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kwa hiyo mnaona nilivyokuwa siku alipotaja daktari wa meno. Sikujua kitu, na nilikuwa naongea.

Jioni yake akaniuliza, "Fundi, panya wamekula kona ya tanga. Utanishonea?" Ananiita Fundi tangu tuoane. Mimi ndiye niliyeacha kumwita Mwalimu.

Nikaenda naye bandani kulichukua. Nilidhani nitalibeba tu na kurudi, lakini alipovuta turubai na kuona mashua yake ilivyo, alisimama kwa namna iliyonifanya niweke mkoba chini. Nyigu walikuwa wamejenga chini ya kiti cha nyuma. Vanishi ilikuwa imebambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Mbao zilikuwa zimekauka na kuachana, mpaka ukichungulia ndani unaona mwanga wa upande wa pili.

"Hii itazama kabla daktari hajalipa," nikasema. "Tia puti kwenye hizo nyufa."

"Hapana. Ukitia puti sasa, mbao zikinywa maji zitavimba, zitakosa pa kwenda, zitapasuka. Tutaishusha Ijumaa, ivuje usiku mzima. Zitafunga zenyewe."

Nikapewa msasa. Jioni zilizofuata tulikuwa tunakutana pale tukitoka kazini, yeye upande mmoja wa mashua na mimi upande wa pili, tukisugua. Alikwangua, akapaka vanishi, akafungua makapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba, moja moja, akayaosha kwa mafuta ya taa na kuyatia grisi mpaka yakazunguka bila kulia. Kazi ile ilimrudishia sura ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu. Akaanza hata kupiga mluzi. Mume wangu hajui kupiga mluzi, anapuliza tu hewa yenye wimbo ndani yake, lakini nilifurahi kuusikia.

Mlinzi wa banda akapita mlangoni. "Aaa, Kapteni Chubwi! Umefufuka?"

Mluzi ukakatika. Mume wangu akainua mkono kumsalimia, akaendelea kusugua palepale alipokwisha kusugua.

Nilisikia ule mluzi ulivyokatika. Sikupenda nilichosikia, kwa hiyo nikatafuta la kufanya. Nyuma ya banda kulikuwa na kamba ya kuanikia, na juu yake majaketi ya kuokolea ya watoto, madogo madogo, ya rangi ya chungwa, yameota ukungu. Nikayabeba nje kuyapiga vumbi.

"Haya nayo yanaenda kwa daktari?" nikamuuliza mlinzi. "Au wanafunzi wamehamia kwa mwalimu mwingine wakati mgongo unapona?"

"Mgongo gani, shemeji?" Alikuwa anacheka, hana ubaya wowote. "Wazazi waliwatoa mmoja mmoja. Nani ampe mtoto wake Kapteni Chubwi?" Akafungua mikono yake mbele ya uso, vidole vimetawanyika, akatoa macho. "Achia! Achia! Eh, shemeji, ile hadithi yako ni kali. Mke wangu huwa anairudia kila tukipata wageni."

Mikono ile ilikuwa yangu. Alikuwa ameiiga vizuri, hakukosea hata kidole.

Niliyarudisha majaketi kwenye kamba, nikayapanga kwa ukubwa, nikayapanga tena. Nilitaka kumwambia mume wangu kitu, lakini alikuwa ameinama chini ya kiti cha nyuma akiwatoa nyigu, na nilichoweza kutoa ni, "Angalia wasikuume." Tukarudi nyumbani na tanga kwenye mfuko wake. Njia nzima sikusema utani. Aliniuliza kama naumwa.

Kesho yake nikafunga mlango wa chumba cha kushonea, nikasogeza meza, nikalimwaga tanga sakafuni. Lilikuwa limewekwa likiwa na unyevu, lina madoa meusi, na panya walikuwa wamejikatia kona nzima. Nikaanza kulikunjua taratibu niione hasara yote. Katika mkunjo wa mwisho kikaanguka kipande cha kamba.

Kilikuwa kifupi, kimefungwa kitanzi cha kuingia kwenye chuma, na ncha yake imekatwa kwa kisu, mkato mmoja safi. Juu ya kitanzi kulikuwa na fundo. Nikalichukua, nikaliangalia, nikakaa chini.

Mafundo ya mume wangu nayajua. Ukivuta ncha moja yanafunguka, ndiyo sifa yake, watoto aliwafundisha hivyo siku ya kwanza. Fundo lile halikuwa la namna hiyo. Lilikuwa limezungushwa mara tatu na mkia wake umerudishwa chini ukafichwa. Fundo hilo nilifundishwa na shangazi yangu nikiwa sijajua hata kushika mkasi, la kumalizia uzi pale nguo itakapovutwa kwa nguvu. Halifunguki. Ukililowesha linakaza zaidi. Katika mji huu nalifunga mimi peke yangu, nalifunga kwenye vifungo, kwenye mifuko ya unga, kwenye kamba za pazia, nalifunga bila kujua kama ninavyopumua. Siwezi kuona uzi unaning'inia nikauacha.

Ndipo kitambaa cha kichwani kikanirudia akilini.

Kililegea. Upepo wa kupepea chai ulikivuta, watu ufukweni wanatazama, gauni jipya na kitambaa kinataka kuruka. Nilihitaji mikono miwili. Pembeni yangu palikuwa na kipembe cha chuma, cha kufungia kamba. Nikaifunga kamba pale, upesi, nikakaza kitambaa changu, nikapunga mkono. Alipopiga kelele "achia", nikafungua mikono yangu. Haikuwa na kitu. Niliachia hewa. Kamba ilikuwa imefungwa kwa fundo la shangazi, tanga limeshikwa kama nguo kwenye pindo, na upepo ukafanya kazi yake.

Na yeye alikuwa ameingia chini ya maji na kisu, akaikata, mashua ikainuka, wakatutoa. Aliliona fundo. Alilishika mkononi. Alijua siku ileile, kabla nguo zetu hazijakauka.

Niliona aibu. Nimewahi kuona aibu nyingine maishani, nimewahi kumkabidhi bi harusi gauni lenye sindano ndani, lakini hii haikuwa ya aina hiyo. Hii ilinikalia kifuani nikashindwa kusimama. Kila nilipofumba macho niliona watu kwenye benchi langu wakicheka, na mimi katikati nimefungua mikono, naonyesha ushahidi wa kosa langu mwenyewe na kudai nilipwe kicheko. Mkosaji ni mimi, shahidi ni mimi, hakimu ni mimi, na nikamfunga mwingine. Nilitamani kipande kile nikichome moto. Niliwasha hata kiberiti. Halafu nikakizima, nikakitia kile kipande cha kamba mfukoni mwa aproni.

Nililishona tanga siku ile nikalifumua, nikalishona tena. Aliporudi akapitisha kidole kwenye kiraka, akasema, "Mkono wako, Fundi. Haionekani hata pa kuanzia." Ningeweza kusema pale. Sebule ilikuwa tupu, tulikuwa wawili tu. Mimi mwenye maneno nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kitu kingine.

"Usiiuze."

"Kwa nini?"

"Umeiunda mwenyewe."

"Nani atapanda?" akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza kweli. Alipoona sijibu akaanza kulikunja tanga. Aibu ni mwoga, nimeijua siku hiyo. Inakulaza macho na bado haikupi neno la kusema.

Ijumaa tuliishusha majini, ikavuja kama kapu. Alifunga kamba mbili kwenye gati, akaiacha inywe, na sisi tukapokezana ndoo ya kuchotea. Nilichota mpaka mabega yakafa ganzi, aliposema inatosha nikaendelea. Jumamosi asubuhi tulikuta mbao zimevimba, zimeshikana, na sakafu yake ina unyevu tu kama jiko lililopigwa deki. Akasimamisha mlingoti, akafunga tanga, akapitisha kamba mpya. Ilikuwa mashua nzuri. Hata mimi nisiyejua niliona.

Watu wa chama wakaanza kujikusanya, maana mashua ikirudi majini kila mtu ana shauri la kutoa. Mlinzi wa banda akaja na kiti chake. Daktari wa meno akafika amevaa viatu vipya vyeupe, yeye mwenyewe ana meno ya kutangazia biashara, na kicheko kinachoendana nayo.

"Kumbe ndiyo hii!" akasema. Akazunguka gatini akiitazama, akaigonga mbao kwa kidole. "Ndiyo hii yenyewe! Mwalimu, samahani, lakini lazima niulize..." Akageukia watu. Akafungua mikono mbele ya uso, vidole vimetawanyika. "Achia! Achia!"

Watu wakacheka. Na wote, kama waimbaji wanaongoja kiitikio, wakanigeukia mimi. Walikuwa wananipa nafasi yangu. Mume wangu alikuwa ameinama akikaza kamba, nikasikia akitoa ile sauti ya kucheka, na safari hii niliisikia vizuri, haikuwa na kicheko ndani.

Nikatia mkono mfukoni.

"Daktari," nikasema, "hiyo mikono unayoigiza ni yangu. Na haikuwa na kitu. Kamba nilikuwa nimeifunga." Nikakitoa kile kipande, nikakiinua. "Fundo hili ni langu, nyinyi wote mmewahi kulikata kwa mkasi kwenye vifurushi vyangu. Aliniambia nishike, mimi nikafunga, ili nikaze kitambaa cha kichwa mbele yenu. Aliyeipindua mashua ni mimi. Yeye ndiye aliyeikata kamba tukapona. Halafu mwaka mzima nimewachekesha kwa mgongo wake."

Mtu mmoja nyuma alikuwa bado na kicheko cha mwanzo, akakimalizia kwa kukohoa. Mlinzi wa banda aliangalia kiti chake.

"Lakini shemeji," akasema daktari, "si ulikuwa utani tu?"

"Ulikuwa utani. Na watoto wenu mliwatoa kwa utani huohuo."

Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Watu husema ukweli hupoza. Uso wangu ulikuwa unawaka moto, na nilipomwangalia mume wangu sikuona mtu aliyepozwa. Alikuwa amekasirika. Miaka yote tuliyokaa pamoja sijamwona amekasirika mbele za watu. Akaja, akakichukua kipande mkononi mwangu.

"Umekipata wapi?"

"Ndani ya tanga."

"Nilidhani nimekitupa," akasema. Akakitia mfukoni mwake. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo nadhani niliisikia peke yangu: "Hukuwa na haja ya kujivua nguo mbele ya hawa."

"Mimi si nimekuvua wewe?"

Daktari akakohoa, akasema basi, mambo ya mume na mke wamalize wenyewe, yeye angependa kuijaribu mashua. Mume wangu akamwambia asubiri kidogo, chombo kilichotoka bandani hakimpandishi mgeni kabla mwenyewe hajakipima. Akashuka ndani, akashika usukani, akaiegemeza mashua kwenye gati kwa mguu.

"Fundi," akasema. "Panda."

Nilipanda kwa sababu kubaki pale gatini, katikati ya yale macho, kulikuwa kugumu zaidi. Nikakaa palepale pa siku ile. Kipembe cha chuma kilikuwa pembeni yangu, amekisugua kinang'aa. Nikaikalia mikono yangu.

Tukatoka taratibu. Sauti za ufukweni zikafifia. Tulipovuka boya la kwanza nikamuuliza nilichoshindwa kuuliza sebuleni. "Kwa nini hukusema?"

Alikuwa anatazama tanga, anatazama kiraka changu. "Ulitetemeka mpaka jioni," akasema. "Nilikuita, hukuitika. Unanitazama tu kama hunijui. Nikajua wewe nimekupoteza, nimemtoa majini mtu mwingine. Halafu wageni wakaja, ukafungua mdomo, ukanitukana." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kweli. "Nikasema basi, amerudi. Mwache acheke."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ulikuwa bado unacheka."

"Na baadaye? Mwezi mzima? Miezi?"

Akarekebisha usukani kidogo. "Baadaye nilidhani utachoka," akasema.

Sikuchoka. Hilo ndilo jibu, na wote wawili tulilijua, kwa hiyo sikulisema. Nikalia, bila sauti, nikitazama maji ili asinione, ingawa kwenye mashua ya watu wanne wasiopumua sana hakuna pa kujificha.

"Bado utaiuza?" nikauliza.

"Nimeshampa neno langu."

Mume wangu akishatoa neno halirudi. Maneno yangu pia hayarudi, ila hayo hakuna aliyenilazimisha kuyatoa. Nikageuka kumtazama daktari kule gatini, kidoa cheupe cha viatu, anatusubiri turudi ili mashua iwe yake. Nikataka kusema geuza, kimbia, twende ng'ambo. Nikaona bora leo ninyamaze.

Maji nyuma ya kilima yakabadilika rangi, yakakunjamana, na kunjo lile likaanza kutujia. Hata mimi nilijua ni nini. Mume wangu alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na demani kwa mkono mwingine, na angeweza kabisa kuvishika vyote viwili, nimemwona akifanya hivyo miaka yote. Akaninyooshea kamba.

"Shika," akasema. "Usifunge."

"Mwalimu, mimi..."

"Shika."

Nikaishika kwa mikono miwili. Upepo ukafika, mashua ikainama, kamba ikanivuta mpaka ikanichoma viganja. Kitambaa changu cha kichwani kikalegea, nikakisikia kikifunguka, kikinipiga shavuni, kikiruka. Kikaanguka majini nyuma yetu, na mimi macho yangu yote yalikuwa mdomoni mwa mume wangu, nikingoja aseme achia.